Baiskeli ya mtandaoni ikifika Kasanga, nani ataitengeneza?

Siku chache baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli kumalizika Kigali, tulipokea ujumbe wa sauti kutoka Kasanga. Aliyeutuma ni kijana anayepakia mizigo bandarini. Amejiwekea akiba ya shilingi milioni moja na laki nne, na kwenye simu ameona baiskeli ya mashindano iliyopunguzwa bei hadi nusu. Duka liko Ulaya na linasema linatuma mizigo nchi yoyote. Swali lake lilikuwa moja: "Watangazaji, nitume hela au nisitume?"

Tulimjibu hewani kwa sekunde zisizozidi arobaini, maana taarifa ya habari ilikuwa inasubiri. Tulimwambia awe mwangalifu. Baadaye zikaingia jumbe nyingine za namna hiyo kutoka Matai, Laela na Sumbawanga mjini, tukagundua kwamba tulimpa kijana yule maneno ambayo angeyapata kwa yeyote kijiweni. Haya hapa ndiyo majibu tuliyopaswa kumpa.

Kilichowasha moto ni Kigali. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza yafanyike katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5, na kati ya wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Siku moja kabla, Magdeleine Vallieres wa Kanada alikuwa ameshinda mbio za wanawake. Mwaka uliotangulia vijana wetu walikuwa wamemwona Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Mchezo uliokuwa unaonekana wa Wazungu ukawa umesogea hadi kwa jirani.

Tena ulisogea kwa sura tunayoielewa huku kwetu, yaani vilima. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko juu zaidi ya hapo. Mtu anayesukuma gunia la mahindi kwa baiskeli hadi mashineni hana haja ya kuelezwa mlima ni nini.

Ila baiskeli zilizoonekana Kigali si hizi zetu. Phoenix yenye keria na stendi, ile inayobeba mkaa, ndoo za dagaa na mama mwenye mtoto mgongoni, ina uzito unaofika kilo 20 na kuzidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, limeweka kilo 6.8 kuwa kiwango cha chini cha uzito wa baiskeli ya mashindano, kwa sababu bila kikomo hicho watengenezaji wangeendelea kuipunguza. Shirikisho hilo lina kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui: vifaa vya mashindano lazima viwe vile vinavyouzwa kwa umma. Kwa maandishi, basi, baiskeli ya bingwa ni bidhaa ya dukani. Bei yake ikivuka dola 10,000 hilo ni suala lako na mfuko wako. Na duka lenyewe siku hizi liko ndani ya simu.

Duka la kijijini lililomeza maduka

Katikati ya miaka ya 1980, familia moja ilifungua duka dogo la baiskeli katika kijiji cha Ballynure, Ireland ya Kaskazini. Duka hilo likaja kuitwa Chain Reaction Cycles. Huko Portsmouth, kusini mwa Uingereza, duka jingine la kawaida lilizaa tovuti iliyoitwa Wiggle mwaka 1999. Yote mawili yalianza kama duka lolote la mtaani: mlango mmoja, fundi mmoja, grisi mikononi. Kisha yakaanza kuuza kwa intaneti, na ndani ya miaka kumi na kitu yakawa yanatuma vifungashio hadi upande wa pili wa dunia. Mteja wa Wiggle alizoea kukuta pakiti ndogo ya peremende za Haribo ndani ya boksi lake. Wateja wengi wanazikumbuka peremende hizo kuliko walichonunua.

Ili kuelewa kwa nini maduka hayo yalipendwa kiasi hicho, inabidi kuelewa watu waliokuwa wananunua. Uendeshaji wa baiskeli za barabarani Ulaya una desturi zake, karibu kama unyago. Kuna klabu, na kuna safari ya Jumapili asubuhi ambapo watu kumi au ishirini hupanga mistari miwili wakikingana upepo kwa zamu. Kuna mapumziko ya kahawa na keki. Wanaume hunyoa miguu. Soksi ndefu mno zina wakosoaji wake, na fupi mno vilevile. Mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anaweza kubishana saa nzima juu ya gramu 50 za kiti wakati tumbo lake lina kilo tano za ziada. Tunacheka, lakini na sisi tuna watu wanaobishana hivyohivyo juu ya pikipiki zao.

Katikati ya desturi hizo lilikuwapo duka la mtaani. Klabu ilianzia safari mlangoni pake. Mwenye duka alikupima urefu wa mguu, akakuuzia fremu inayokufaa, akanyoosha rimu yako, akakopesha mpaka mwisho wa mwezi. Alichouza kilikuwa na bei kubwa kidogo kwa sababu ndani ya bei hiyo mlikuwemo kodi ya pango na mshahara wa fundi. Tovuti ziliiondoa sehemu hiyo ya bei. Watu wakawa wanaingia dukani kujaribu kiatu au kofia, kisha wanarudi nyumbani kuagiza mtandaoni kwa bei pungufu. Maduka mengi ya mitaani yakafungwa. Kampuni kama Canyon ya Koblenz, Ujerumani, zikaenda mbali zaidi: baiskeli inatoka kiwandani moja kwa moja, inafika kwa mteja ndani ya boksi, na mteja mwenyewe anafunga usukani na magurudumu.

Tunasema haya bila kuwaonea huruma sana wafanyabiashara wa Ulaya. Kwa mnunuzi ilikuwa neema. Hata wapanda baiskeli wa Nairobi na Kampala, ambao mjini kwao hapakuwa na mnyororo wa gia kumi, walipata pa kuagiza.

Mwaka 2020 ikaja korona. Watu waliofungiwa ndani walitaka baiskeli, maghala yakakauka, na kwa zaidi ya mwaka mzima vipuri vikawa havipatikani hata kwa mwenye pesa. Wauzaji wakaagiza kwa pupa. Mizigo ilipofika, wateja walikuwa wamerudi ofisini. Punguzo la nusu bei ambalo kijana wa Kasanga aliliona kwenye simu linatokana na mafuriko hayo ya bidhaa, na kwa sehemu fulani bado linaendelea.

Wiggle na Chain Reaction, zilizokuwa zimeungana mwaka 2016, zilinunuliwa mwaka 2021 na Signa Sports United ya Ujerumani, ambayo mwaka huohuo iliandikishwa katika soko la hisa la New York. Oktoba 2023 kampuni mama ya Austria, Signa Holding, ilifuta ahadi yake ya kuipa euro milioni 150. Ndani ya siku chache Wiggle iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mwezi uliofuata Signa Holding yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka 2024 majina ya Wiggle na Chain Reaction yalinunuliwa na Frasers Group ya Uingereza.

Kwa mnunuzi wa mbali, sehemu muhimu ya habari hiyo ni hii: duka likifilisika, mteja aliyekwisha lipa na hajapokea mzigo anaingia kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki. Udhamini wa miaka miwili ulioandikwa kwenye karatasi unakosa wa kuutekeleza. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe fedha. Aliyetuma kwa simu kwenda kwa mtu binafsi hana pa kuombea. Na sisi Tanzania tumeshaona duka kubwa la mtandaoni likiondoka: Jumia ilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019.

Kutoka skrini hadi ziwani

Sasa tuifuate ile baiskeli hadi Kasanga.

Bei ya kwenye skrini ni ya getini kwao. Tuseme ni shilingi milioni moja, na nauli ya meli pamoja na bima ni laki tatu. Forodha haihesabu ile milioni moja peke yake, inahesabu milioni moja na laki tatu. Juu yake unakuja ushuru wa forodha, na juu ya jumla hiyo inapigwa VAT ya asilimia 18. Ukiacha ushuru wenyewe pembeni, VAT ya milioni moja na laki tatu tu ni shilingi 234,000. Milioni moja na laki nne za kijana wetu zimekwisha kabla boksi halijatoka Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi au lori kupitia Mbeya na Tunduma, kisha kilomita 112 za kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga.

Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na hilo limesaidia. Hata hivyo tovuti nyingi za nje bado zinakataa anwani ya kijijini, kwa hiyo mzigo huandikwa jina la ndugu aliyeko Dar au wakala wa Kariakoo. Wakala mwaminifu ni msaada mkubwa. Lakini kumbuka kwamba kuanzia hapo mnunuzi, machoni pa duka, ni wakala. Boksi likifika na fremu iliyopasuka, wewe huna unachodai kwao.

Pesa, hata hivyo, zinaweza kupatikana. Kinachotusumbua zaidi ni namba.

Ukimwuliza fundi yeyote wa Ufipa saizi ya tairi ya Phoenix, atakwambia 28. Ni kweli. Ukisoma maelezo ya baiskeli ya barabarani kwenye baadhi ya tovuti za Ulaya, utakuta nayo imeandikwa 28. Nayo ni kweli. Lakini hizo 28 mbili si kitu kimoja. Rimu ya Phoenix ya kawaida ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa. Ya baiskeli ya barabarani, ile inayoitwa pia 700, ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, upana wa kidole kidogo. Tairi ya 622 haiingii kwenye rimu ya 635. Tairi ya 635 inaingia kirahisi kwenye rimu ya 622, na hapo ndipo hatari ilipo, maana inakaa legelege na inaweza kuchomoka ukiwa kwenye mwendo. Ubavuni mwa tairi, chini ya vumbi, kuna maandishi madogo kama 40-635 au 25-622. Namba ya pili ndiyo ya kuamini. Saizi 26 ina mtego wa aina hiyohiyo: kuna ya 559 na kuna ya 590.

Mnyororo nao ni hivyohivyo. Wa Phoenix ni mpana kwa sababu una kazi moja, kuzunguka meno ya mbele na ya nyuma bila kuhama. Wa gia 11 au 12 ni mwembamba ili upite kati ya meno yaliyobanana. Ukikatika, huwezi kuunga kwa kipande cha Phoenix. Fundi wa Matai anayefanya kazi chini ya mkaratusi ana nyundo, spana, gololi kwenye kopo, solusheni na vipande vya tyubu kuukuu vya kutilia viraka. Kwa vifaa hivyo ameitunza baiskeli ya baba yako miaka thelathini. Si mjinga wa kazi. Baiskeli iliyoletwa imetengenezwa kwa kudhani kwamba kuna duka umbali wa dakika kumi.

Fremu za kaboni ni mfano mwingine. Fremu ya chuma ikipasuka Sumbawanga, utapata mtu wa kuichomelea siku hiyohiyo. Kaboni haichomelewi. Inahitaji nyuzi zake, gundi yake na mtu aliyefunzwa, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi mpaka siku ya kuvunjika. Tena kwenye masoko ya mtandaoni ya bei poa zipo fremu za kughushi zenye majina makubwa.

Breki, na mteremko wa ziwa

Kama kuna jambo moja la kukumbuka katika makala haya, tungependa liwe breki. Anayeijua barabara ya Kasanga anajua kwa nini. Kutoka uwanda wa Ufipa hadi ufukweni mwa Tanganyika unashuka karibu mita elfu moja, na sehemu kubwa ya kushuka huko imelundikana mwishoni. Ni lami nzuri, na lami nzuri ndiyo inayokimbiza.

Baiskeli nyingi mpya za barabarani sasa zina breki za diski zinazotumia mafuta. Ni breki bora kabisa, zikiwa nzima. Mafuta yakipungua au hewa ikiingia, mtu wa huku atafanya jambo linaloonekana la busara: ataenda kwa fundi wa bodaboda, ambaye ana chupa ya mafuta ya breki ya pikipiki. Hayo ni ya aina ya DOT. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, kitu tofauti kabisa. DOT ikiingia humo inaharibu mipira ya ndani. Kinyume chake nacho ni kibaya: SRAM kwa miaka mingi imetumia DOT katika breki zake nyingi, na ukiitia mafuta ya madini unaiharibu vilevile. Breki inaweza kukubali siku ya kwanza, ukaridhika. Itakukatalia siku nyingine, pengine mteremkoni.

Tumeiona moja ya namna hiyo Sumbawanga mjini. Mwenyewe ni mtumishi wa serikali aliyeletewa baiskeli na shemeji yake kutoka nje. Mafuta ya pikipiki yalitiwa, mpini ukawa unagusa usukani, na sasa baiskeli inaning'inia ukutani stoo. Fundi alijitolea kumfungia breki za kawaida za mpira, lakini uma wa mbele hauna tundu la kuzishika. Rimu nazo hazikutengenezwa kubanwa.

Waliofika walianza na karakana

Tuliyoyasema yanaweza kusikika kama tunawaambia vijana wa Rukwa wabaki na keria. Hapana. Tunaangalia waliofanikiwa walipitia wapi.

Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi. Mwalimu wake wa ujana alikuwa David Kinjah, katika kijiji cha Mai-a-Ihii huko Kikuyu. Nyumba ya Kinjah ni makazi, klabu na karakana kwa wakati mmoja. Watoto wa kundi lake, Safari Simbaz, hujifunza kufungua na kufunga baiskeli, nyingi zikiwa zimetumika, sambamba na mazoezi ya kupanda milima. Rwanda nayo, kabla ya kuikaribisha dunia Kigali, ilikuwa na kituo cha timu ya taifa Musanze ambako mafundi walifunzwa pamoja na wakimbiaji. Mbio zake za Tour du Rwanda zimekuwapo tangu 1988. Eritrea ina historia ndefu zaidi, iliyoanza enzi za Waitaliano, na Asmara ina mafundi wa vizazi vitatu. Kote huko, kabla jezi haijavaliwa, alikuwapo mtu mwenye spana.

Hapa nchini hali hiyo iko Kanda ya Ziwa. Shinyanga na Mwanza wanashindana kwa baiskeli miaka mingi, na watazamaji hujaa barabarani. Baiskeli ya kazi na baiskeli ya mbio zinapita kwa fundi yuleyule, ndiyo maana ujuzi umekaa. Sisi Rukwa tuna urefu wa kutoka usawa wa bahari, tuna lami kutoka Tunduma hadi ziwani, tuna vijana wenye mapafu. Mafundi wetu wanahamia kwenye bodaboda kwa sababu ndiko kuliko na hela, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana wa Kasanga limegeuka. Tulimpigia na kumweleza kwamba kwa akiba yake asiagize baiskeli nzima. Atafute fremu ya chuma au alumini iliyotumika, yenye breki za rimu na gia saba au nane nyuma, aina ambayo vipuri vyake bado vinapatikana Mbeya na Dar. Kabla ya kulipa aende na fundi, na amlipe fundi kwa siku hiyo. Mtandaoni aagize vitu vidogo visivyovunjika njiani wala visivyoharibika kwa kukaa: minyororo miwili, raba za breki, nyaya, kifaa cha kukatia mnyororo. Wakiwa watano wakaagiza pamoja, nauli inagawanyika. Kuagiza vipuri kwa mtandao si vibaya hata kidogo. Tatizo linaanza pale baiskeli nzima inapotegemea duka ambalo kesho linaweza lisiwepo.

Alisikiliza, akauliza kama gia saba zinatosha kupandisha kutoka ziwani hadi Matai. Tulimwambia hatujawahi kupandisha huko kwa baiskeli, na hatutamdanganya.

Juzi ametutumia picha. Ni gurudumu la baiskeli iliyotumika, anayouziwa Sumbawanga kwa laki tatu na nusu, na amesugua vumbi hadi maandishi yakaonekana: 25-622. Spoku mbili zimekatika. Tumeipeleka picha kwa fundi wa Matai. Ameiangalia, akasema spoku za urefu huo hana ila anaweza kukata za Phoenix na kuzitia nyuzi upya, na kwamba kijana aje Jumamosi asubuhi, aje na gurudumu lenyewe, picha haipimiki.